Walioshika Jembe na Zaburi: Peramiho tangu 1898

Tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu, kwenye njia ya kutoka Kilwa kwenda Liwale, wapiganaji wa Maji Maji waliuvamia msafara wa wamisionari waliokuwa wakielekea Ungoni, wakawaua watano. Tukio hilo limezoeleka kuitwa kuuawa kwa Askofu Cassian Spiss. Wenzake wanne hutajwa kwa idadi tu, mabruda wawili na masista wawili, kana kwamba walikuwa sehemu ya mizigo yake. Majina yao yapo: Bruda Gabriel Sonntag na Bruda Andreas Scholzen, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert.

Nimewatanguliza kwa makusudi. Misheni ya Peramiho, walikokuwa wakienda, ilianzishwa tarehe 31 Julai 1898, na kila inapofika sikukuu ya kukumbuka siku hiyo hotuba huwa za maaskofu na maabate: nani aliwekwa wakfu lini, nani alimrithi nani. Hayo nayo yana nafasi yake. Lakini aliyewahi kufika Peramiho, kama kilomita 24 magharibi ya Songea, anajua anachokiona kwa macho: matofali ya kuchoma, mbao zilizorandwa, vitanda vya wagonjwa, vitabu vya sala. Kila kimoja kilipita kwenye mikono ya mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo alikuwa ameapa kutii, akatii, akafa, akazikwa bila jina lake kuandikwa kwenye bango lolote.

Shirika lililowaleta lilikuwa changa, tena la ajabu kidogo. Andreas Amrhein, mmonaki Mswisi wa abasia ya Beuron huko Ujerumani, alitaka kuunganisha mambo mawili ambayo kwa hesabu za kawaida hayaungani. Mmonaki wa Kibenediktini huweka nadhiri ya kutulia: anaingia katika jumuiya moja na kubaki humo hadi kaburini. Mmisionari, kwa upande wake, ni mtu wa kutumwa. Amrhein aliona kwamba nyumba nzima ya wamonaki inaweza kutumwa, pamoja na sala zake, karakana zake na mashamba yake, kisha ikatulia hukohuko ilikotumwa. Alianza Reichenbach, Bavaria, mwaka 1884. Mwaka 1887 jumuiya ikahamia Emming, mahali panapojulikana leo kama St. Ottilien, na mwaka huohuo Roma ikawakabidhi wamonaki hao eneo la kusini la koloni la Ujerumani Afrika Mashariki. Mwaka 1888 walikuwa wamekwisha kufungua kituo cha Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Kituo hicho hakikudumu. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, Pugu ilishambuliwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Hapo napo, kama ilivyokuja kuwa Mikukuyumbu miaka 16 baadaye, waliokufa wengi walikuwa watu wa kazi za mikono.

Kanuni waliyokuja nayo iliandikwa na Benedikto wa Nursia huko Italia katika karne ya 6. Ina sura 73, nyingine fupi kama tangazo la ubaoni. Anayeifungua akitarajia mafundisho mazito ya roho atashangaa jinsi inavyohangaika na mambo ya jikoni. Sura ya 35 inawapangia ndugu wote zamu ya wiki nzima ya kupika na kuandaa meza, na hasamehewi mtu ila mgonjwa au mwenye shughuli kubwa isiyoepukika. Jumamosi anayemaliza zamu anafua vitambaa ambavyo wenzake walijifutia mikono na miguu. Yeye na anayempokea wanawaosha wote miguu. Vyombo vinarudishwa kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima, naye anavikabidhi kwa anayeanza, ili ijulikane kilichotoka na kilichorudi. Sura ya 31 inamtaka mtunza ghala huyo aviangalie vyombo vyote vya nyumba, jembe kwa sufuria, kwa heshima ileile vinayopewa vyombo vya altareni. Kuhusu sala, hesabu ni kali vilevile: mara saba mchana na mara moja usiku, na zaburi zote 150 ziishe ndani ya juma.

Sura ya 7 ndiyo inayotajwa sana. Inaupanga unyenyekevu katika ngazi 12, na ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya nne: kushika utii hata agizo likiwa zito au la kuonea, kuvumilia na kutokimbia. Ni rahisi kuihubiri. Kwa bruda seremala aliyetoka kijiji cha Bavaria akiwa kijana, akatumwa Ungoni bila kuulizwa kama anapenda joto au anaogopa malaria, ilikuwa na maana ya kila siku.

Spiss, mzaliwa wa Tirol huko Austria, hakuwa mtu wa mzaha katika kazi. Alipoanzisha Peramiho alijifunza lugha za watu aliowakuta, na mwaka 1904, akiwa tayari askofu Dar es Salaam, maandishi yake kuhusu Kingoni na Kisutu yalichapishwa Ujerumani. Lakini kujua lugha ya watu ni jambo moja, kuwaheshimu wazee wao ni jingine, na hapa historia ya Peramiho ina ukurasa ambao wasemaji wa sikukuu hupenda kuufunua haraka na kupita.

Miaka michache kabla ya vita, Padri Franziskus Leuthner alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni. Mahoka ni mizimu ya wazee. Padri, kwa imani aliyolelewa nayo, alidhani anaondoa ushirikina. Nkosi aliona mgeni aliyepewa ardhi amewatukana baba zake mbele ya watu wake. Vita vilipofika Ungoni mwezi wa Septemba 1905, Peramiho ilichomwa moto na Padri Leuthner akauawa. Sababu za Maji Maji zilikuwa nyingi: kodi, kazi za lazima, ukatili wa maakida na askari. Hata hivyo, siwezi kuzungumzia unyenyekevu wa nyumba hii nikaruka moto ule wa kwanza, kwa kuwa uliwashwa na mtu wa nyumba yenyewe.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Serikali ya Wajerumani ilivizima vita kwa bunduki, kisha kwa kuteketeza mashamba na maghala hadi njaa ikamaliza waliobaki. Tarehe 27 Februari 1906 Mputa Gama na wenzake walinyongwa Songea, mahali panapokumbukwa hadi leo kila Februari kwenye Makumbusho ya Majimaji. Kabla hawajanyongwa, Padri Johannes Häfliger wa misheni ya Kigonsera aliruhusiwa kuwaona wafungwa, akawabatiza wengi wao, Nkosi mwenyewe akiwamo. Kubatizwa na padri Mzungu saa chache kabla ya kitanzi cha serikali ya Wazungu ni jambo ambalo kila Mkristo wa Ungoni amelipima kwa mizani yake. Wapo wanaoliona kuwa huruma ya mwisho. Wapo wanaouliza huruma hiyo ilikuwa wapi kabla ya hukumu.

Miongo mingi baadaye mmonaki wa Peramiho, Padri Elzear Ebner, alikaa na wazee, akasikiliza, akaandika historia ya Wangoni, na kitabu hicho kikatolewa na wachapaji wa Ndanda-Peramiho mwaka 1987. Ni kazi ya mtu aliyekubali kuwa mwanafunzi wa watu aliotumwa kuwafundisha.

Misheni ilijengwa upya, halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliichukua Songea mwaka 1916. Wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini, baadaye wakaondolewa nchini. Kwa miaka kadhaa Peramiho na vituo vyake vilikaa bila jumuiya iliyoviendesha, na waliobaki na Kanisa mikononi ni makatekista.

Natamani hapa pangekuwa na kurasa nyingi, maana katekista ndiye mtumishi anayesahaulika kuliko wote. Hakuwa na nadhiri. Alikuwa na mke, watoto na shamba lililohitaji palizi kama la jirani yake. Alijua kusoma, kuandika na kufundisha sala. Jumapili aliwakusanya watu, akasoma, wakasali rozari, wakaimba. Mtu akiwa mahututi, aliitwa yeye. Mtoto akizaliwa dhaifu, alibatiza yeye. Mzee akifa, alitangulia kaburini yeye, na Jumatatu alikuwa darasani chini ya mti akiandika herufi. Amri ya askofu hakuwa nayo, wala mshahara wa kutegemewa. Mapadri waliporudi walikuta Wakristo ambao hawakuwaacha hivyo: kuna waliozaliwa, kuna waliooana, kuna waliokuwa wamejua katekisimu kwa moyo, na hakuna padri aliyekuwa amewafundisha. Sijui ni utii wa namna gani unaozidi ule wa mtu anayeendelea na kazi baada ya waliomtuma kuondoka.

Waliorudi kwanza walikuwa Waswisi, kwa kuwa pasipoti zao hazikuwaudhi Waingereza. Mmoja wao, Gallus Steiger, alikabidhiwa uongozi wa eneo lote la Lindi mwaka 1922, na mwaka 1931 eneo hilo lilipogawanywa, Peramiho na Ndanda zikawa abasia zenye majimbo yake. Maana yake ni kwamba abate wa Peramiho alikuwa baba wa wamonaki na wakati huohuo askofu wa mapadri, makatekista na waamini wote wa Ungoni na Umatengo. Ni mamlaka makubwa kwa mtu ambaye Kanuni yake inamtaka apande ngazi 12 za unyenyekevu.

Chini ya mamlaka hayo karakana zilijaa. Uashi, useremala, uhunzi, ushonaji viatu, kinu cha nafaka, bustani, mifugo, hospitali, shule ya ufundi. Kanisa kubwa la abasia lilijengwa kati ya mwaka 1943 na 1948, wakati vita vya Ulaya vimefanya vifaa vinavyoletwa kwa meli kuwa adimu, kwa hiyo vijana wa karakana na mabruda wao walilazimika kutegemea walichoweza kukitengeneza palepale. Fundi aliyejifunza Peramiho alikuwa na jina lake Kusini nzima. Ukisema mlango umetengenezwa na fundi wa Peramiho, mwenye nyumba hakuuliza tena kama utapinda mvua zikija.

Kiwanda cha uchapaji kinastahili kutazamwa kwa karibu. Katika uchapaji wa risasi, herufi zilipangwa moja moja kwenye kijitrei kilichoshikwa kwa mkono wa kushoto, maandishi yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo. Mpangaji alisoma kinyume. Kosa la herufi moja katika sala lilimaanisha maelfu ya watu kusali kosa hilo, kwa hiyo ukurasa ulichapwa kwa majaribio, ukasahihishwa, herufi ikang'olewa kwa koleo ndogo na nyingine kupachikwa. Baada ya chapa, kila herufi ilirudishwa kwenye kijisanduku chake, ili kesho yake itumike kwa ukurasa mwingine. Mkatoliki ambaye hajawahi kufika Ungoni, hata anayeishi Mwanza au Nairobi, huenda ameshika Misale ya Waumini au kitabu kingine cha sala chenye maneno Ndanda-Peramiho kwenye kurasa za mwanzo. Jina la mpangaji halimo.

Ndani ya jumuiya yenyewe kulikuwa na walio juu na walio chini. Hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, wamonaki wa Ulaya walikuwa na makundi mawili: mapadri walioimba Masifu kwa Kilatini kwenye viti vya kwaya, na mabruda waliosali sala zao peke yao kwa lugha ya kwao na hawakuwa na kura jumuiya ilipofanya maamuzi makubwa. Mwashi aliyesimamisha ukuta wa kanisa hakuwa na kiti katika kwaya ya kanisa hilo. Utaratibu huo ulipoondolewa, bruda na padri wakakaa mstari mmoja, na Kiswahili kikaingia katika sala ya nyumba. Wengi huyaona mabadiliko hayo kama jambo la Roma. Kwa bruda aliyekuwa ameishi miaka 30 akisikia zaburi kupitia ukutani, ilikuwa ni kusogezwa mezani.

Masista walikuwa na njia yao. Wabenediktini wa Tutzing, dada wa shirika la St. Ottilien, walikuwapo tangu Pugu, na huko Peramiho ndio walioibeba hospitali: usiku wa kukesha na mgonjwa, vidonda vya kusafisha, wagonjwa wa ukoma ambao hata ndugu zao waliwakwepa. Hospitali ya Mtakatifu Yosefu ilianzia katika kazi hiyo ya bandeji na maji ya moto, na leo inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka mkoa mzima wa Ruvuma.

Wasichana wa Ungoni na Umatengo waliotaka maisha hayo walipata nyumba yao mwaka 1938, Askofu Gallus Steiger alipoanzisha shirika la Masista wa Mtakatifu Agnes, ambalo makao yake ni Chipole. Tufikirie wakati ule: binti wa kijiji anayemwambia baba yake hataolewa, mahari haitakuja, watoto hawatazaliwa, na kwamba anakwenda kulima, kufundisha na kusali hadi kufa. Kwa ukoo, huo haukuwa utii hata kidogo. Ilibidi kwanza mtu amkatalie baba yake mzazi ndipo aweze kumtii mama mkuu, na masista wazee wa shirika lolote la kwetu watakwambia kwamba vita vya kwanza vilipiganwa nyumbani, kabla ya unovisi.

Kwa vijana wa kiume njia ilichelewa. Katika miaka ya 1950 Waafrika waliotaka kuwa wamonaki hawakupokelewa ndani ya Peramiho. Walianzishiwa nyumba yao pembeni, Hanga, chini ya ulinzi wa Watakatifu Maurus na Plasidus. Sababu zilizotolewa zilikuwa za busara: wajitafutie mtindo wao wa maisha, wasimezwe na desturi za Kizungu, chakula chao na nyimbo zao ziwe za kwao. Kuna ukweli ndani yake. Lakini kuna swali lisilokwepeka pia, kwa nini nyumba iliyowafundisha watu kunawisha wageni miguu ilichukua hadi miaka ya 1980 kumfungulia Mtanzania mlango wa unovisi wake yenyewe. Hanga haikusubiri jibu. Ilikua, na mwaka 1979 wamonaki wake wakaenda kuanzisha Mvimwa huko Rukwa, kisha Katibunga nchini Zambia; leo nayo ni abasia. Waliotengewa nyumba ya pembeni ndio waliotuma watu kabla ya kuombwa.

Peramiho nayo ilipata zamu yake ya kushuka ngazi. Tarehe 6 Februari 1969 jimbo la Songea lilizaliwa, na James Komba, mwana wa nchi, akawa askofu wake wa kwanza. Abate Eberhard Spiess, ambaye jina lake halihusiani na lile la Spiss wa 1905 ingawa masikioni yanafanana, alikuwa askofu na abate kwa pamoja tangu 1953. Siku hiyo uaskofu wa eneo ulimtoka, akabaki abate wa wamonaki wake tu hadi 1976. Parokia ambazo wamonaki walizijenga kwa miaka 70 zikawa za jimbo, na mapadri wa Peramiho waliobaki kwenye parokia hizo walifanya kazi chini ya askofu Mwafrika. Kipindi hichohicho serikali ilizitaifisha shule za misheni. Ndani ya muda mfupi nyumba iliyokuwa na jimbo na mtandao wa shule ikajikuta na kile ambacho Benedikto alikipanga tangu mwanzo: kwaya, meza, karakana, shamba na wageni. Kuna watawa wa mashirika mengine ambao wangeondoka. Wale walibaki, na nadhani miaka ile ya baada ya 1969 inasema mengi zaidi kuhusu utii wao kuliko miaka ya fahari iliyoitangulia.

Ukifika leo utaamkiwa kwa Tumsifu Yesu Kristo, na utatarajiwa kujibu Milele amina kabla hujaeleza shida yako. Siku ina mpangilio usiobadilika sana: Masifu ya Asubuhi na Misa kabla ya kazi, sala ya mchana, Masifu ya Jioni, Sala ya Mwisho kabla ya kulala. Katikati yake kila mtu ana kazi, na novisi mwenye shahada anaweza kupangiwa kufagia korido au kumenya viazi, kwa kuwa Kanuni haikuuliza vyeti.

Masista wa Chipole wameupeleka mpangilio huohuo mahali ambapo Benedikto asingepatambua. Kwenye maporomoko ya Tulila, mto Ruvuma, walijenga mtambo wa umeme wa maji wa megawati 5, ulioanza kazi mwaka 2015, wakati Songea ikiwashwa kwa majenereta ya dizeli. Wakawa wanaliuzia shirika la umeme, TANESCO. Kanuni, sura ya 50, inasema ndugu walio kazini mbali na kanisa wasali palepale walipo saa ya sala ikifika, na zamu ya mtambo haijui Masifu ya Jioni, kwa hiyo sura hiyo ya karne ya 6 ina kazi yake Tulila. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018. Majenereta yakapumzika, na masista wakabaki na mto wao, mashine zao za kutiwa grisi na majani ya kuondolewa kwenye chujio la maji kila masika.